Jembe la Viki

Viki akikwambia "nakuja," wewe endelea na shughuli zako. Pika, kula, osha vyombo, lala. Mimi namjua tangu tuko kidato cha kwanza pale Same, tunalala kitanda cha ghorofa, yeye juu mimi chini, na hata kengele ya chakula ilikuwa inamkuta bado anachana nywele. Lakini nilikuwa nampenda, na hapo ndipo penye ubaya wote. Mtu unayempenda akikuahidi kitu, unakwenda nyumbani kama umeshapewa mkononi.

Safari ilikuwa ya watu wanne. Viki mwenyewe, Victoria, mtoto wa Kighare kule Ugweno, siku hizi ni meneja Dar na ana gari jipya ambalo alitaka wote tulione. Rodrick, tuliyesoma naye darasa moja, anafanya kazi ya bima Moshi na mdomo wake haujawahi kupata likizo. Safia wa Makanya, ana duka la vitenge hapa Same, si mbali na saluni yangu. Na mimi Priska, msusi, mtu mzima na watoto wawili, ambaye nilikuwa sijawahi kuiona bahari kwa macho yangu. Mpango tuliupika kwenye grupu la WhatsApp mwaka mzima. Wiki ya Nane Nane tunapanda milimani kwetu Mhezi, tunalala kwa mama yangu, kesho yake tunashuka na kushika lami moja kwa moja mpaka Pangani. Milima na bahari kwa safari moja. Nilifunga saluni, nikanunua na ndala mpya za ufukweni.

Jumanne tukaacha lami Makanya, vumbi jeupe la jasi limetugandia nyusi, tukaanza kupanda. Kila kona Viki anasimamisha gari tupigwe picha. Nami sikatai, kwetu ni pazuri. Ukiwa juu unaiona nyika yote imelala chini, kavu, rangi ya gunia, na reli imepita katikati kama uzi. Halafu unageuza shingo unaona migomba na kahawa, kijani kitupu. Rodrick akauliza inakuwaje huku kijani na kule jangwa wakati jua ni hilohilo moja. Viki akamjibu kabla yangu, akasema kwa sababu ya ndiva. Alisema kwa majivuno, na mimi nilifurahi kumsikia. Nilijua mji haujamla wote.

Ndiva ni bwawa letu la mawe na udongo. Kijito kinalijaza usiku, asubuhi linafunguliwa, na maji yote yanashuka kwenye mfereji kwenda shamba la mwenye zamu. Mdomo wake unazibwa kwa mti mrefu, uliozungushiwa magome ya mgomba, kisha unakandikwa udongo. Kiangazi ukiwa huna zamu ya ndiva huna shamba, una uwanja tu. Zamu zinagawiwa na mzee Aminieli, na hazigawiwi kwa kujuana. Hata mchungaji anangoja yake.

Mama alitupokea mlangoni. Tulipomwamkia, aliitikia marahaba wanangu, kisha akamkumbatia Viki kabla hajanikumbatia mimi. Sikuona wivu. Mama Viki alifariki tukiwa kidato cha pili, na kuanzia hapo likizo fupi zote alizimalizia kwetu, maana Ugweno ni mbali, na nyumbani kwao hapakuwa na wa kumngoja. Siku za kutembelewa mama alikuwa anashuka mlima na ndoo mbili ndogo za makande, moja ina kitambaa chekundu, ya Priska, nyingine ya bluu, ya Viki. Jioni ile pia alitupikia makande. Viki akala mpaka ukoko, akalamba vidole, akasema Dar hakuna chakula.

Tukiwa tunakula mama akatuambia habari za shamba lake. Maharage yalikuwa yamechanua vizuri kuliko mwaka wowote, ila udongo ulishaanza kupasuka. Jumatano ilikuwa zamu ya Dorkas, mjane jirani yetu. Ya mama ilikuwa Jumamosi. Akasema yakinywa Jumamosi ameshavuna, yasiponywa basi, kwa sababu mzunguko hadi urudi tena ua litakuwa limeshaanguka. Na yale maharage ndiyo yalikuwa chungu chake mpaka mwaka mwingine. Mama ni mjane pia. Mimi namsaidia, lakini msusi wa Same ni wa kusaidia kidogo, na yeye hapendi kula cha kupewa.

Jumatano asubuhi mimi na Safia tulibaki jikoni tunapika chai na mihogo. Rodrick na Viki walikwenda kupiga picha jua likichomoza. Walirudi wanacheka, wakanywa chai, Viki akamsifia mama mihogo. Hatujaondoa vikombe, tukasikia Dorkas anapiga mayowe kule juu.

Tulimkuta amesimama ukingoni mwa ndiva na jembe lake begani. Ndani hakukuwa na maji. Kulikuwa na tope na vyura, na ule mti wa kuzibia umelala pembeni. Alikuwa ndiyo kwanza anakuja kugeuza mfereji uelekee kwake, akakuta maji yote yameshakwenda korongoni. Watu wakakusanyika, mzee Aminieli akaja. Hakuna aliyemtuhumu mtu. Ila mama yangu alikuwa anatazama raba nyeupe za Viki, na mimi nikatazama anakotazama. Zilikuwa na udongo mwekundu wa kukandikia, hadi kwenye kamba.

Rodrick peke yake asingeweza kuufungua mdomo wa ndiva hata angepewa siku nzima. Yule ni wa mjini, angevuta mti kama anavuta mlango. Kazi ile ni ya mtoto wa milimani, aliyeanza kuitazama akiwa mgongoni kwa mama yake. Viki aliufungua ili maji yafoke, Rodrick amrekodi, kisha akaurudisha. Ila aliurudisha mti mtupu. Udongo hakuukandika tena, kwa kuwa picha ilishapatikana na chai ilikuwa inapoa. Maji yakausukuma.

Viki alikiri palepale, lazima niseme kweli. Alisema ni yeye, alitaka kumbukumbu tu, samahani sana bibi Dorkas. Mzee Aminieli akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu:

"Mwenye zamu akimwaga maji ya mwenzake, analipa kwa zamu yake. Asiye na zamu analipa kwa mikono. Ijumaa tuna msaragambo hapahapa, tunazoa tope la ndiva. Aje aseme mbele ya wote alivyosema sasa, ashike jembe, jioni tumesameheana, na Dorkas tutamtafutia maji. Asipokuja, mwenyeji wake ndiye aliyemwaga."

Msaragambo ni kazi ya wote. Pembe ikipulizwa kila nyumba inatoa mtu, na makosa ya kijiji yanamalizwa hukohuko kwenye matope. Hata baba yangu, Mungu amrehemu, aliwahi kusimama pale akakiri kwamba ng'ombe wake walibomoa mfereji. Walimcheka, akachimba, mchana akala nao. Hilo ndilo jambo lenyewe lote. Asubuhi moja ya tope.

Safia akasema kwa nini asibaki tu mpaka Ijumaa. Mimi nilikuwa nalo hilo mdomoni, ila nilimwachia mwenye kosa aseme. Viki akasema vyumba vya Pangani vimeshalipiwa. Alhamisi tutaogelea asubuhi, jioni tutageuza, tutalala kwa kina Safia Makanya, na Ijumaa mapema tutapanda. Akamshika mama mikono yote miwili.

"Mama, Ijumaa asubuhi nipo hapa. Niandalie na jembe kabisa."

Mama akageuka kwa watu, akasema anamdhamini. Watu wakatawanyika. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema, na mama yangu ni mtu wa kuamini misemo.

Kwa nini mimi nilipanda gari? Nimeulizwa na wengi. Nilitaka kuiona bahari, na nilitaka kuwa karibu na Viki nimsukume Ijumaa ikifika. Nilijua tabia yake ya kengele.

Njiani walikuwa na raha zao. Tulipita Mombo tukanunua matunda, tukapita mashamba ya mkonge ya Korogwe, Muheza tukala machungwa. Rodrick akaanza ule utani wa zamani, eti Mpare atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku, na sasa kesi imehamia kwenye maji, sijui atauza nini. Gari zima likacheka, nami nikacheka, kwa kuwa utani ule ni wetu sote. Ila nilitazama nje muda mrefu baada ya hapo.

Bahari niliiona jioni ileile. Sitasema uongo, nilishtuka. Niliingia na ndala zangu mpya, moja ikachukuliwa na wimbi na sikuifukuza. Nikayachota maji nikayaonja, maana kuambiwa ni ya chumvi ni kitu kimoja na ulimi ni kitu kingine. Nikamfikiria mama. Maji yote yale, hayana mwisho wala zamu, na hayafai kunywesha hata tuta moja la maharage. Nikasikia uchungu ambao sikuutegemea pale mahali pa kustarehe.

Nikampigia simu. Akauliza tumefika salama, na bahari ikoje. Kisha akaniambia amempelekea fundi Loth jembe moja aliwekee mpini mpya. Majembe ya nyumbani yana mipini iliyochakaa, akasema, na mikono ya Viki siku hizi ni laini, yatamchubua. Alimwambia Loth aulainishe vizuri. Nilimwita Viki nikamrudishia maneno yale kama yalivyo. Akaweka mkono kifuani, akasema jamani mama, mama ni wa dhahabu.

Alhamisi tuliogelea. Mchana nikauliza tunaondoka saa ngapi, wakasema jua lipungue. Jua likapungua, wakasema tule kwanza samaki walioagizwa. Samaki wakaja, na Viki akaagiza bia, na dereva ni yeye. Nilipoiona ile chupa nilijua jioni ile hatuondoki. Nikamwambia twende barazani. Wenzetu wakatufuata.

Nikamuuliza mbele yao, Viki, kesho unakwenda au huendi. Akaanza kuzunguka. Barabara, uchovu, gari jipya na mawe ya ule mlima. Akasema atamtumia mama hela anunue maharage gunia zima, yawe mara mbili ya yale ya shambani. Nikamwambia kule hawakudai hela, wamekudai wewe. Ndipo likatoka lililokuwa ndani.

"Priska, mimi ni meneja wa watu. Nisimame kwenye tope nakiri kosa mbele ya kijiji kizima, kila mtu ana simu? Nikirekodiwa je?"

Nikirekodiwa je! Mtu aliyefungulia maji ya mjane ili arekodiwe. Niliangalia bahari kwanza, la sivyo ningempiga. Rodrick akataka kupoza, akasema jamani yaliyomwagika hayazoleki. Nikamwambia Rodrick funga hilo bakuli lako, wewe ndiye uliyeshika simu. Safia alikuwa anachezea ncha ya mtandio wake. Nikamwambia na wewe sema. Akasema yeye hayumo, hayo ni mambo ya watu wa milimani. Mhezi anaiona kwa dirisha la kwao Makanya, eti hayumo.

Basi nikamgeukia Viki nikamwambia yote, sina kifua cha kuficha kitu. Nikamkumbusha ile ndoo ya kitambaa cha bluu. Nikamwambia mama yangu alikuwa anashuka mlima ule kwa miguu, mabega yamechubuka, ili yeye asikae peke yake siku ya kutembelewa, na hakuwahi kuuliza barabara ikoje. Nikamwambia makande aliyokula ayatapike. Akalia. Analia vizuri, Viki, tangu shule. Kisha akasema nimemharibia likizo, akaingia chumbani.

Ijumaa nilichukua gari la kwanza kutoka Pangani. Muheza nikapanda basi, Makanya nikakodi bodaboda. Njia nzima nilikuwa nageuza shingo kila gari lenye rangi kama lake likitupita, maana ujinga nao una mizizi. Mama simu yake alikuwa ameiacha nyumbani. Nani anakwenda na simu kwenye tope?

Nilifika watu wameshamaliza, wanaosha majembe kwenye mfereji. Mama alikuwa amekaa ukingoni, tope mpaka magotini, majembe mawili pembeni yake. Moja lilikuwa na mpini mpya, mweupe, umelainishwa kama mwiko. Hilo halikuwa na tope. Akanitazama mimi, akatazama nyuma yangu njiani.

"Mko wangapi?" akauliza.

Nikamwambia niko peke yangu. Akaitikia haya, akaendelea kukwangua tope miguuni kwa kijiti.

Mengine niliyasikia kwa Dorkas baadaye. Pembe ilipopulizwa mama aliomba wangoje kidogo, pengine gari limepata pancha. Wakangoja. Akaomba tena, wakaanza kazi huku wanangoja. Akachimba sehemu yake, kisha akahamia sehemu aliyopimiwa Viki, akaimaliza nayo, mwanamke wa umri ule. Mzee Aminieli alimsimamisha akamwambia kwa upole kwamba mikono yake haiwezi kulipa ya mtu mwingine. Mama akasema anajua, anachimba tu. Mchana zamu yake akapewa Dorkas. Hakubisha. Alimdhamini mtu, na mtu hakuja, na sheria ile ilikuwepo kabla hajazaliwa.

Jumamosi nilikuwa bado niko pale. Mfereji wa kwenda kwa Dorkas unapita mpakani kabisa mwa shamba la mama, unaweza kuchota umesimama kwenye maharage yako. Tulikaa tukayatazama maji yanapita, yanacheza, mengi, yamejaa mpaka ukingo. Nikasema nichote hata ndoo mbili za ule mstari wa mbele, nani ataona. Mama akanitazama kwa namna ambayo nilirudisha ndoo ndani. Hakuchovya hata kikombe. Dorkas alipita na jembe lake akaamkia akiwa anatazama chini. Naye si mbaya, ana wanawe, na maji aliyapoteza bila kosa lake. Wote wawili walikuwa na haki, na aliyewagombanisha alikuwa anakula pweza.

Maua yalianguka wiki iliyofuata. Yalianguka kimya, unayakuta tu asubuhi chini.

Viki aliandika kwenye grupu kwamba poleni, mambo yaliingiliana, Desemba atakuja kumwona mama. Chini yake Rodrick akaweka vikaragosi vya kucheka na vya kupiga makofi. Nikatoka kwenye grupu. Safia akija saluni namsuka, ananilipa, hatuzungumzi zaidi ya nywele. Ile video Viki aliiposti, akaiwekea muziki, akaandika nyumbani ni nyumbani. Watu maelfu wameipenda. Wanauliza ni wapi huko pazuri hivyo.

Mama alikuwa hajui habari ya ile video. Kila nikipanda ananiuliza Viki hajambo, kazi yake inaendaje, na jembe lile amelitundika ukutani jikoni, hakuna anayeruhusiwa kulishika. Wajukuu wakiligusa anawaambia hilo ni la Viki. Mimi namezea tu. Lakini siku nilipokwenda kumsaidia kuvuna, tukapura, tukapepeta, na vyote tulivyopata vikaenea kwenye ungo mmoja, uvumilivu uliniisha. Nikatoa simu nikamwonesha.

Aliitazama yote. Viki anazungusha mti, maji yanafoka, anaruka nyuma, anacheka, jua linamulika nyuma yake. Kweli alikuwa mzuri. Mama akaniomba nirudie. Safari ya pili aliisogeza simu karibu na macho, akaweka kidole kwenye kioo, chini kabisa, penye zile raba.

"Udongo huo hapo," akasema. "Uko miguuni kwake. Angeinama tu."

Akanirudishia simu. Akainuka, akalitungua lile jembe ukutani, akalipiga kwenye jiwe la mlangoni mpaka chuma kikachomoka. Chuma akakiweka kando na vyuma vingine. Mpini akaja nao mafigani, akausukuma chini ya sufuria, akawa anauingiza ndani kadiri unavyoliwa na moto. Tulikaa tukapika. Ule mpini na yale maharage viliisha siku moja.